Nimemkuta Mama Mkwe Kwenye Darasa la Salsa

Mpendwa mshauri, pole na kazi, naomba unisikilize kwa sababu hapa nilipo sina wa kumwambia. Mimi ni fundi wa kuchomelea mageti, nina miaka arobaini na sita, na miezi mitatu iliyopita daktari aliniambia presha imepanda nitafute mazoezi, basi nikaona tangazo la mafunzo ya kucheza dansi ya salsa kwa wanaoanza kabisa, Jumamosi alasiri, ukumbi wa juu ya duka la dawa, nikaenda, ila mke wangu nilimwambia naenda kutembea uwanjani kwa sababu nilijua atanicheka. Siku ya kwanza nilikuwa kama gogo, mwalimu anahesabu moja mbili tatu, tunatulia, tano sita saba, mimi naangalia viatu vyangu, halafu akasema wanaume wasogee kulia tubadilishane wenzi, nikasogea, nikanyoosha mkono bila kuinua macho, na mkono nilioushika ulikuwa wa mama mkwe wangu. Nilitamani ardhi ipasuke. Yeye akaangalia ukutani akasema, "Baba, endelea kuhesabu."

Tulipotoka aliniomba nisimwambie binti yake. Ni mjane wa miaka minne, ana sitini na tatu, na tangu alipoteleza bafuni mwaka jana mke wangu anamtunza kama yai, hataki abebe hata ndoo, naye anaona akisema anacheza atakatazwa. Nikakubali. Sasa mke wangu amegundua mama hapatikani kwa simu kila Jumamosi na akiulizwa alikuwa wapi anababaika, ameamua kwamba anapoteza kumbukumbu, anataka ahamie kwetu ndani ya wiki mbili na nyumba yake ipangishwe, na mimi ndiye niliyetumwa kumshawishi. Juzi mke wangu alilia mezani akisema mama anazeeka vibaya, nami nikaendelea kula. Nikisema, nimemsaliti mama mkwe; nikinyamaza, anahamishwa kwake kwa kosa la kucheza. Nifanyeje?

Fundi Miguu Mizito

JIBU

Fundi, pole kwa presha. Lakini hapo mezani ulikosea. Mkeo analia kwa ugonjwa ambao wewe unajua haupo, nawe unatafuna. Na usijifiche nyuma ya mama mkwe: barua yako ina siri mbili, na ya pili, ya kwako mwenyewe, hukuombwa na mtu kuitunza. Unashinda na moto siku nzima, halafu unaogopa kuchekwa na mkeo?

Leo ukitoka kazini mwambie ya kwako. Kesho asubuhi nenda kwa mama mkwe umweleze mpango wa kumhamisha, maana naona hajui, na nyumba ni yake. Mpe hadi Ijumaa amweleze binti yake kwa mdomo wake. Akikataa, mwambie mkeo jambo moja tu, kwamba unajua mama anakokwenda Jumamosi, yuko salama na akili zake ni timamu; mengine akamuulize mwenyewe. Hofu ya kuanguka tena ni ya kweli, kwa hiyo mama apimwe nyonga na magoti, na daktari aambiwe wazi kwamba anacheza.

Mkeo atakasirika. Amedanganywa na watu wawili anaowapenda, kwa hiyo usijitetee na usimharakishe. Wala usimwalike darasani siku hiyo. Akitaka kuja, atauliza linaanza saa ngapi.