Plasta ya Tano

Baba Mtoto,

Sisi wazima. Bomba la jikoni limetengenezwa, na mwanao ameanza kucheka.

Siku ile unaondoka ulisema kwenu hakuna mguu uliopinda. Jana mama yako alitusindikiza hospitali kubadilisha plasta ya tano ya kumnyoosha mguu. Kabla hajaambiwa, alikuwa ameshamkunja mtoto goti na kulishika barabara. Daktari akamuuliza amejifunzia wapi.

"Kwa baba yake," akajibu, hanitazami.

Njiani akanieleza yote. Kumbe wiki ya harusi yetu ulimwomba avitupe vile viatu vya chuma ulivyokuwa ukilala navyo utotoni ili mguu wako usipinde tena, nisije nikaviona. Hakuvitupa. Plasta ya mwisho ikitoka, mwanao atavivaa.

Nguo zako ziko kwa mama yako.

Mama Mtoto