Chupa ya Busunzu

Jumanne, 1 Februari 1977. Makere, kambi ya barabara.
Mwaka na miezi miwili tangu nitoke Singida. Leo tumechimba mtaro wa barabara kutwa. Mvua, udongo mwekundu, sururu. Mgongo umekufa. Jioni dereva wa lori kaleta habari: mke wangu Anjelina yuko hospitali Kasulu na mtoto. Mtoto ana manjano, anatapika maziwa. Alizaliwa juzijuzi Busunzu, kwa mama yake Anjelina, na mimi sijamwona bado. Nani aliamua nisiambiwe mapema? Namjua.

Jumatano, 2 Februari. Kasulu.
Nyapara kaniruhusu huku kanuna. Nimemwona mwanangu. Wa kiume. Njano mpaka kwenye macho. Nilimpakata, akanitapikia shati. Nikafurahi, sijui kwa nini.
Mama mkwe anamlinda kama mali yake. Kwetu mkwe hatazamwi usoni, wala huli mbele yake. Maneno yetu yanapitia kwa Anjelina. Yakipita hapo sijui yanabaki mangapi.
Daktari alitaka mkojo wa mtoto. Mama mkwe akaukinga kwenye chupa yake. Mpimaji aliuchanganya na dawa ya buluu, akauchemsha. Nilisimama mlangoni. Buluu ikawa kijani, kisha rangi ya tofali. Kasema ni sukari.

Alhamisi, 3 Februari.
Daktari kaeleza polepole, mimi nimeishia darasa la nne. Huenda mwili wa mtoto hauwezi sukari iliyo ndani ya maziwa. Maziwa yoyote, hata ya mama. Yanamgeukia sumu: ini, macho, akili. Hana hakika, lakini hathubutu kungoja. Mtoto asinyonye. Apewe maji ya glukosi mpaka wapate unga wa soya.
Nikauliza ugonjwa umetoka wapi. Kasema kwa baba na mama, nusu kwa nusu.
Mama mkwe akamwambia Anjelina, kwa sauti ya kunifikia, "Nusu yetu naijua. Hiyo nyingine, nani anaijua? Mtu kaokotwa barabarani."
Wodi nzima ikacheka. Nikatoka nje.

Ijumaa, 4 Februari.
Nimemuuliza Anjelina kama kwao watoto walikufa hivi. Kasema hapana. Haraka mno. Simwamini. Yeye pia kaniuliza ya kwetu, nikasema hapana, haraka vilevile.
Mtoto analia akitafuta ziwa. Anjelina kajaa, kanga imelowa, anakamulia chini na kugeuza uso ukutani. Sijapata kuona jambo baya kama hilo.
Mama mkwe ana kitu kafunga kwenye pindo la kitenge. Akiniona anakifunika. Dawa ya kienyeji? Anamlambisha mtoto nini? Nimeamua kumchunguza.

Jumapili, 6 Februari.
Nimemchunguza jana kutwa na leo. Kilichofungwa ni tumbaku.
Lakini nimeona jambo. Nyuma ya wodi, chupa ile ya mkojo imeegemezwa ukutani. Mama mkwe aliidai irudishwe, chupa haitupwi. Sisimizi wanaingia na kutoka, msafara mzima. Kwetu wazee humjua mwenye sukari kwa sisimizi wanaofuata mkojo wake. Basi nikasema ni kweli, mwanangu anayo. Nikachuchumaa pale kama mjinga. Halafu nikatazama nepi zake zilizolowa, zipo palepale kwenye beseni. Hakuna hata sisimizi mmoja. Nikangoja. Hakuna.
Nikaingia wodini nikamtazama mama mkwe usoni. "Mama, chupa hii ilikuwa na nini?"
Akashtuka nimemsemesha. "Chupa ya Busunzu, mkwe, unauliza ilikuwa na nini? Asali! Sisi tuna chupa za nini kingine?"
"Uliiosha?"
"Niliisuuza." Akakaa sakafuni, mikono kichwani.
Nilitaka kuamini alifanya makusudi. Ningeona nafuu. Hakufanya.

Jumatatu, 7 Februari.
Nimemweleza daktari. Hakunicheka. Mkojo mwingine umekingwa kwenye gilasi iliyochemshwa, dawa imebaki buluu. Lakini kasema buluu hii haitoshi: mtoto alikatazwa maziwa, sukari yake isingeonekana. Anyonye kwanza, apimwe tena.
Yaani tumpe kile kinachoweza kumwua ili tujue kama kinamwua. Anjelina hakungoja maneno yaishe. Kamweka kifuani.
Kanyonya kama mtu wa kambini. Natazama kila tone. Kila akicheua naona kifo.

Jumatano, 9 Februari.
Wamepima. Nimesimama mlangoni tena. Mama mkwe nyuma yangu, nasikia pumzi yake. Mpimaji kachemsha. Buluu. Kachemsha zaidi kwa ajili yetu. Buluu.
Daktari kasema manjano huenda ni yale ya kawaida ya watoto, yaliyochelewa kuondoka. Huenda. Atapimwa tena kabla ya kuruhusiwa. Nimemuuliza chupa yao ya dawa ilikuwa na nini zamani. Kacheka. Mimi sikutania.

Alhamisi, 10 Februari.
Asubuhi tulivu. Macho ya mtoto yana weupe kidogo pembeni, au natamani tu. Katapika mara moja, kidogo. Kalala.
Lori linaondoka saa nne. Mama mkwe kanipa ile chupa, ina asali tena, ya uji wa kambini. Kasimama, hajaondoka. Nimejua anangoja nini. Nimeifungua nikalamba mbele yake, kidole kizima. Akageuka akaenda kufua nepi.
Jumamosi tukitoka kazini nitarudi.