Mke Mwenza wa Gereji

Jumanne, Januari

...na sasa mkono wa mke wangu umefungwa plasta hadi kwenye kiwiko, kwa sababu yangu.

Gereji yetu ya nyumbani inaingia gari moja tu. Tangu theluji ianze nimelaza humo ile gari yangu ya Kimarekani ya zamani, chumvi wanayomwaga barabarani kuyeyusha barafu isiile. Gari ya Mama Brian, ya kwenda kazini, inalala nje. Leo asubuhi alikuwa anakwangua barafu kwenye kioo, akateleza.

Huwa ananitania kuhusu hiyo gari yangu, "Mke mwenza ameamkaje? Umemfunika?" Tunacheka. Leo hospitali, daktari alipotoka, akaniangalia. "Baba Brian, afadhali ungeoa mwanamke. Angalau huyo angenisaidia kutoa barafu."

Nikamsaidia kuvaa koti.

Naipenda ile gari, siwezi kujidanganya. Kiangazi nikienda nayo kanisani, wazee wa Kizungu wananipigia honi, na ule mngurumo unanifanya nijisikie nimefika hii Amerika. Lakini hita haifanyi kazi, breki ni za kubembeleza, na msimu wote wa baridi ni gari ya kuangalia tu.

Aibu yenyewe ni hii. Tuliporudi, nilimwacha mlangoni akihangaika kuvua koti kwa mkono mmoja, nikapitia gereji kuangalia kama panya wameingia kwenye viti vya gari yangu.

Jioni nikataka kuitoa ili yake iingie. Ikakataa kuwaka. Nikaisukuma hadi mgongo ukalia, haikusonga.

Basi nikatoka nje nikakwangua barafu kwenye gari yake, kioo chote, ingawa kwa huo mkono kesho hataendesha.