Mbuzi wa Sura ya Tatu

Mjukuu wangu Asimwe,

Huku Kamuli hatujambo. Babu yako anaanika kahawa, anakusalimu. Umeuliza kwa nini nilikufungia kitabu cha hadithi pamoja na mchaichai.

Nilipokuwa na umri wako, mama yangu alinimiminia chai ya mchaichai kila nilipomaliza kumsomea sura moja. Yeye hakujua kusoma, nami nilimweleza kwa Kinyambo, lugha yetu. Siku moja, kwa uchu wa chai, nikairuka sura ya tatu. Mama akashika birika, hakumimina.

"Jana mbuzi alikuwa amepotea. Leo yumo zizini. Nani kamrudisha?"

Akalirudisha birika motoni.

"Rudi ukamtafute. Tutakunywa akipatikana."

Na katika kitabu chako, sura ya kwanza inasemaje? Niandikie. Maji nimeshayabandika.

Bibi yako