Hofu ya Mzee Mgaya

Dada Subira, shikamoo.

Nakuandikia kutoka Makambako nikiwa nimevaa masweta mawili, na bado natetemeka. Jana jioni mwenyeji wangu alinipeleka kwenye ukumbi wa kanisa, ambako majirani hukutana kusimuliana wanayoyatumaini na wanayoyaogopa katika siku zijazo. Tulikula viazi vya kuchemsha na chai ya maziwa, kisha akasimama Mzee Mgaya, mkulima wa parachichi.

"Macho yangu yanazimika," alisema. "Daktari wa Njombe anataka kunipasua. Naogopa, na mke wangu sijamwambia."

Watu wote wakageuka kumtazama mkewe, aliyekuwa ameketi hapo hapo kando yake.

"Najua tangu tulipopanda viazi," mama yule akajibu kwa upole. "Ulimwambia ng'ombe 'kamwene' ukidhani unanisalimia mimi."

Watu waliangua kicheko, na mzee naye akacheka mpaka akajifuta machozi. Mkewe akasimama, akamshika mkono. "Jumatatu tunakwenda Njombe wote wawili, Baba Tumaini. Hata mimi naogopa."

Dada, mimi nisingethubutu kusema jambo kama lile mbele ya watu. Wakati wa kuondoka, mzee alishika kiwiko cha mkewe bila kuficha, akawa anamuuliza njia nzima, "Hapa pana nini?" Naye akamweleza kila kitu, hadi madimbwi.

Nakukumbuka sana, na nimeona nikuambie badala ya kukaa na jambo hilo moyoni.

Mdogo wako,
Zawadi