Utepe Shingoni

Jumatatu, 4 Novemba

Dada kapiga simu nikiwa mezani nakata sare za shule. Mama hali tena, anaonja maji tu. "Kaka, kama ni kuja, njoo." Dada yangu si mtu wa machozi. Leo amelia.

Nimemwambia bosi naacha kazi, naenda kumuuguza mama. Akauliza kama nimelewa — mimi, ninayelewa kwa soda!

Jumanne, 5 Novemba

Bosi kasema niache, ila notisi ni mwezi mzima. Sare za Januari zinasubiri na mkataji ni mimi peke yangu. Hana roho mbaya. Kaniwekea hata mto kwenye kiti, kwa ajili ya mgongo wangu huu mkongwe. Nikakubali. Mimi na kukubali!

Alhamisi, 7 Novemba

Aibu. Nimekata rundo zima la suruali — zote mguu wa kushoto! Nilisahau kukunja kitambaa. Mama wa pasi kazigeuza, kazigeuza: "Fundi, hii ni shule ya watu wa mguu mmoja?" Tukacheka mpaka machozi. Yangu yakagoma kukauka. Akazima pasi. "Nenda kwa mama yako, baba. Sare zitashonwa tu."

Ijumaa, 8 Novemba

Nimemwambia bosi mwezi siuwezi, naondoka leo. "Umeniacha kwenye mataa, fundi." Kweli tupu. Mkono hakunipa. Nikachukua mkoba, nikatoka mbio kama mwizi — mwizi mwenye kitambi.

Jumamosi, 9 Novemba

Nimefika. Mama amekuwa mdogo! Shuka limelala kama halina mtu. Kanitazama weee, kisha katabasamu.

"Fundi, umekuja kunipima mapema hivi?"

Kujishika shingoni — utepe wa kupimia, wa kazini! Safari nzima abiria wananikodolea macho, nami nadhani ni uzuri wangu.

Dada akafoka, "Mama, maneno gani hayo!" Mama hana habari naye. Anataka gauni la kuzikiwa, la mikono mirefu. "Upime vizuri, mwanangu. Sitaki kupwaya."

Vipimo vyake navijua kwa kichwa, tangu naanza ufundi. Nikampitishia utepe kifuani. Nikauvuta. Nikauvuta tena, bado unapwaya.

"Ngapi?"

Nikasema, ngoja niandike kwanza, mama, nisije nikasahau.

Ndiyo hapa naandika. Dada kageukia ukutani. Mama anaitazama kalamu yangu, anangoja.