Asetoni ya Gentille

Jumatatu, 4 Machi 2024
Kasulu. Mvua tangu alfajiri. Bosi Majaliwa karudi kutoka kikao cha mkoani amevimba. Wakaguzi wenzetu wa wilaya nyingine wana kesi za kemikali bashirifu — zile zinazoweza kutengenezea dawa za kulevya — sisi hatuna hata moja. "Dada Rabia, tumekuja huku kulima maharage?" Kesho Nyarugusu, kambini kwa wakimbizi.

Jumanne, 5 Machi
Tumempata! Gentille, Mkongo, anapaka wanawake rangi za kucha soko la kambi. Chini ya meza dumu la asetoni, limebaki nusu. Kibali hana. Hajui hata kama kuna kibali. Akanishika mkono: "Mama, hii njo ya kutosha rangi ku makucha!" Ndiyo, ya kutoa rangi ya kucha. Nikamwambia bosi pembeni, tungempa onyo tu. Akasema onyo haliingii kwenye ripoti. Nikalipiga dumu lakiri, muhuri wa kuzuia mali. Picha — bosi, mimi, dumu, yeye na mtoto mgongoni. Mtoto ndiye pekee aliyecheka.

Ijumaa, 8 Machi
Siku ya Wanawake. Tumeandamana, vitenge vya sare. Wali, soda, hotuba. Gentille yuko mahabusu na mtoto wake. Dhamana inataka mdhamini mwenye kitambulisho cha taifa — mkimbizi atampata wapi? Pelagia, mama lishe anayewapelekea chakula, kasema mtoto anaharisha. Nikasema nitafuatilia. Muziki ukaanza.

Jumatano, 13 Machi
Manyovu, mpakani. Funga ya pili ya Ramadhani, koo kavu. Lori limejaa mapipa ya asetoni, kibali kimekwisha tangu mwaka jana! Nikatoa lakiri. Simu ya bosi ikaita. "Ndiyo, mheshimiwa. Ndiyo." Akaniambia nirudishe lakiri mfukoni, hao ni wawekezaji, watahuisha kibali wakifika. Dereva akanipungia mkono.

Jumamosi, 16 Machi
Mtoto wa Gentille amefariki. Walimkimbiza hospitali jana, maji yamemwisha mwilini. Pelagia kaniambia sokoni, bila kupandisha sauti. Wamezika kambini. Mama mtu hakwenda — gari la mahabusu halina mafuta, wanasema.
Nimefuturu maji tu.

Alhamisi, 21 Machi
Mahakamani. Shahidi mimi. Gentille kizimbani, maziwa yamelowesha kitenge kifuani. Aliponiona uso ukafunguka. Sura moja anayoiamini mle ndani.
Mwendesha mashtaka akauliza: kemikali hii inaweza kutengenezea dawa za kulevya?
Nilikuja nimejiandaa. Niseme ni ya kucha, niseme na habari ya mtoto. Bosi benchi la mbele, anachezea peni.
"Inaweza."
Ni kweli. Kitaalamu ni kweli kabisa!
"Una la kuongeza?"
"Sina, mheshimiwa."
Hakimu akamuuliza Gentille kama ana swali kwa shahidi. Kiswahili chetu cha mahakamani hakimwingii vizuri. Alidhani nimemtetea. Akaweka mikono kifuani, akainama.
"Aksanti, mama. Mungu akubariki na batoto bako."
Mtu nyuma akacheka.
Hukumu kesho saa tatu. Bado naweza kuwahi, nimwombe hakimu niseme lililobaki. Bosi kasema nisihangaike na bodaboda — atanipitia mwenyewe, saa mbili na nusu, twende Kibondo. Kuna saluni mbili kule.
Nimemjibu sawa.